Nusu ya Kulia Iko Buyenzi

Biryogo, Kigali
12 Januari 1992

Kaka Jumaine,

Asalaam aleikum. Sijui kama unaukumbuka uso wangu. Mimi ni Kaze, binti wa Munyakazi, baba yako mkubwa. Mara ya mwisho mlipokuja kwetu nilijificha nyuma ya pazia mpaka mkaondoka, kwa hiyo labda uliona miguu tu.

Hicho kifurushi atakachokupa Zephaniah, dereva wa basi, si takataka. Ni nusu ya ndege. Shangazi Mukantwari ametuma sanduku moja kutoka Ubelgiji, juu limeandikwa "kwa watoto wa kaka zangu". Ndani mlikuwa na ndege ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ndege ya abiria ya zamani, yenye mapangaboi mawili. Nilidhani Bibi ataniachia mimi, kwa kuwa wewe uko mbali na mimi ndiye ninayesoma habari za ndege. Bibi akatandika mkeka, akamwaga vipande vyote, akaanza kuvigawa kama anavyogawa nyama ya Idd. Mwili wa ndege una maganda mawili, la kushoto na la kulia. "Kushoto Kigali," akasema, "kulia Bujumbura." Bawa huku, bawa huko. Nikamwambia, "Bibi, haigawanywi hivi, haitaruka." Akanitazama. "Kwani ingekuwa nzima ingeruka?"

Kisha akasema neno ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Siku ya Idd Kubwa kila nusu iletwe hapa mkekani kwake, na kila nusu iletwe na mtoto pamoja na baba yake, iungwe mbele ya macho yake. Baba alikuwa kwenye cherehani. Akainuka, akatoka bila kuzima taa ya mashine. Unajua sababu. Tangu Babu alipofia huko kwenu alikokwenda kuwatembelea na kuzikwa bila Baba kumwona, wazee wetu hawajasemezana, na ni mwaka wa tatu sasa.

Kwa hiyo lazima ndege ikamilike, Jumaine. Nusu moja ikiharibika, hakuna sababu ya mtu kusafiri.

Sasa swali. Mimi nimepewa kopo la kupulizia, wewe umepewa karatasi ya maelezo. Kifuniko cha kopo ni cha kijivu. Nani anataka ndege ya kijivu? Tafadhali soma karatasi uniambie.

Dada yako,
Kaze


Buyenzi, Bujumbura
26 Januari 1992

Dada Kaze,

Wa aleikum salaam. Miguu naikumbuka. Mmoja ulikuwa na soksi.

Zephaniah amefika, lakini anakulaumu. Kwenye kizuizi kimoja askari walifungua kifurushi, wakaona bawa, wakamuuliza, "Ndege hii imeangukia wapi?" Akawaonyesha kwamba inaingia mfukoni. Wakacheka, lakini anasema kwa sasa, na vita hivi vya kaskazini kwenu, ni afadhali dereva abebe maharage.

Karatasi nimeisoma. Iko kwa Kifaransa na kwa maandishi mengine yanayofanana na miguu ya kuku. Kopo hilo si rangi. Ni kitu kinachopakwa kabla ya rangi, ili rangi ishike. Mafundi wa magari hapa mtaani wanakiita apre. Fundi wangu Libère, ambaye alipiga rangi magari Kigoma, anakiita praima. Karatasi inasema: osha, kausha, puliza, ngoja, ndipo upake rangi. Ndege iwe nyeupe yote. Kuna maneno mengine chini lakini ni madogo mno.

Wewe tumia kopo lako. Mimi nina gereji nzima anakofanya kazi Baba. Libère ameshika ganda langu akasema plastiki na mlango wa gari ni ndugu. Nitakushinda, dada. Nusu yangu itang'aa mpaka nusu yako ione aibu kukaa karibu nayo.

Baba nimemwambia habari ya mkeka. Ameuliza, "Bibi yako amesema hivyo?" Basi.

Kaka yako,
Jumaine


Biryogo
9 Februari 1992

Kaka Jumaine,

Usipulize bado! Nimegundua mambo.

Sikutaka kujaribia kwenye ndege, kwa hiyo nilichukua vijiko vya plastiki vilivyobaki kwenye harusi ya jirani. Kimoja nilikiosha kwa sabuni, kingine nikakiacha na mafuta ya vidole vyangu. Nikavipuliza vyote. Kile kilichooshwa kilivaa kijivu kama kimezaliwa nacho. Kile kingine, rangi ilijikunja na kukimbia, kama maji kwenye sufuria iliyopikiwa samli, na katikati ikaonekana alama ya dole gumba langu, mistari yote. Kabla ya hapo kijiko kilikuwa safi machoni. Alama ilikuwepo, sikuiona. Nimekaa nikijiuliza ni vitu vingapi viko hivyo.

Nikapaka rangi nyeupe juu ya kijiko cha bluu kisicho na praima. Ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji, na nilipoikwaruza kwa ukucha ikabanduka. Juu ya kijivu ikatulia, nyeupe kweli, na ukucha haukuifanya kitu. Plastiki ya ndege yetu nayo ni bluu iliyokolea. Maana yake ni kwamba kinachokaa chini kinaonekana juu. Wewe ukitumia praima ya gereji ya rangi nyingine, tutakuwa na weupe wa aina mbili kwenye ndege moja. Nikimaliza nitakutumia kopo.

Tena, ukipuliza karibu sana inatiririka, ukipuliza mbali sana inafika imeshakauka njiani na kuganda kama unga. Kwa nini kopo linakuwa baridi mkononi wakati wa kupuliza? Mwalimu wa fizikia alianza kunieleza, kisha akaniuliza nimepata wapi kopo, nikaona haya, nikakaa chini.

Nusu yangu niliipuliza Jumamosi asubuhi, kwa kuwa watu wote walikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na ua ulikuwa kimya. Sikufikiri kwamba umuganda wenyewe ni majembe na mifagio barabarani. Vumbi jekundu likavuka ukuta, likatua juu ya praima mbichi. Ndege yangu ikawa kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi. Baba akarudi na jembe begani, akanikuta nalia.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna. Vumbi."

Akaishika ile nusu, akaigeuza upande ulio wazi. "Na upande mwingine?"

"Uko kwa Jumaine."

Akairudisha mezani polepole. Jioni nikakuta kipande cha msasa juu ya daftari langu. Nimesugua, nimepuliza tena siku yenye manyunyu mepesi yaliyolaza vumbi, nikiwa ndani ya mlango. Sasa ni laini.

Umefikia wapi?

Kaze


Buyenzi
22 Februari 1992

Dada Kaze,

Salaam. Sisi wazima. Nusu yangu ni ya kijivu tayari, usihangaike kutuma kopo.

Kuna rafiki yangu anauliza: plastiki ikiwa imekunjamana kidogo, kuna namna ya kuinyoosha? Ni swali lake tu.

Idd bado mbali. Baba ana kazi nyingi. Pengine mambo mengine si ya kuharakisha.

Jumaine


Biryogo
8 Machi 1992

Kaka Jumaine,

Ramadhani karimu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kwa sababu ni fupi. Haina hata utani mmoja. Nadhani nimeelewa. Baba mdogo Rugamba amekataa kuja, na wewe umetumwa unieleze taratibu nisiumie.

Sitakulaumu. Lakini nataka kujua, maana hapa hakuna anayeniambia. Ninachojua ni hiki: simu ilifika kwa jirani, Baba akapanda basi akiwa bado na nguo za kazi, akakuta mpaka umefungwa, akalala hapohapo mpakani Akanyaru. Alipofika kwenu asubuhi, kaburi lilikuwa limefunikwa. Huwa anasema sentensi moja tu: "Hakunisubiri." Bibi humjibu kwamba maiti hasubirishwi, na yeye husema anajua dini. Kisha cherehani huanza.

Wewe ulikuwepo. Babu alimwulizia? Baba mdogo alifanya nini siku ile? Nisamehe kama ni swali la adabu mbaya. Ana kwa ana nisingeliuliza.

Kopo nimempa Zephaniah hata hivyo, nimelifunga kwenye kitenge. Mwambie rafiki yako kwamba sijui namna ya kunyoosha plastiki.

Kaze


Buyenzi
22 Machi 1992

Dada Kaze,

Kopo limefika. Kizuizini askari alidhani ni kitu cha kulipuka, ikabidi Zephaniah ajipulizie kidole mbele yake. Anatembea na kidole cha kijivu mji mzima na anakutaja kwa jina.

Sasa nisikilize. Baba hajakataa chochote. Rafiki yangu ni mimi.

Libère alipuliza nusu yangu kwa praima ya magari, yenye thina kali, ile ya kuyeyushia rangi. Tulisimama tunaitazama ikipendeza. Halafu bawa likaanza kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Pua ya ndege ikalegea ikainama. Libère alisema neno moja la Kirundi ambalo sitaliandika katika mwezi huu. Plastiki na mlango wa gari si ndugu, Kaze, hata ujirani hawana. Wewe uliandika "usipulize bado", na barua yako ilinikuta nimeshapuliza. Niliona haya kukuambia, maana nilishajisifu.

Kuhusu Babu. Sijawahi kulisema hili kwa mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Alifariki alfajiri. Baba alikwenda posta kupiga simu Kigali, haikushika, akarudi, akaenda tena mpaka ikashika. Masheikh walitaka azikwe baada ya adhuhuri. Baba akasema tumngoje kaka mpaka alasiri. Alasiri ikapita, akasema tena tungoje. Alisimama mlangoni kabisa, akishika miimo kwa mikono miwili, jeneza lisitoke. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama sheikh alimshika bega akamwambia, Rugamba, inatosha, unamchelewesha mzee wako. Ndipo akaachia.

Makaburini kila mtu hutupa konzi tatu za udongo, unajua. Baba akatupa tatu zake. Halafu akainama tena, akatupa tatu nyingine, akasema, "Hizi za Munyakazi." Nilikuwa ubavuni mwake. Asubuhi yake baba mkubwa akafika, akaanza kupaza sauti kabla ya kuvuka kizingiti, na Baba naye akafunga mdomo. Kaufunga mpaka leo.

Niambie nifanye nini na hii pua.

Jumaine


Biryogo
12 Aprili 1992

Kaka Jumaine,

Idd njema iliyopita. Nina jambo la kukueleza na sijui utanikasirikia.

Bibi hupenda nimsomee barua zako kwa sauti, hasa vituko vya Zephaniah. Ya mwisho niliifungua mbele yake, sijaipitia kwanza. Baba alikuwa palepale, anashona kanzu za Idd. Nilisoma habari ya kidole, Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Nilisoma habari ya bawa. Halafu nikafika kwa Babu. Nilitaka kuacha, lakini Bibi alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma. Nilipofika pale baba mdogo alipisimama mlangoni ameshika miimo, cherehani ikanyamaza. Nikasoma mpaka konzi tatu nyingine.

Baba akasema, "Soma tena."

"Wapi, Baba?"

"Pale pa ndege. Pua imeinamaje?"

Nikasoma tena pale pa ndege. Akasikiliza kama fundi anayepokea kazi. Kisha akaenda kutawadha, akakawia sana, Bibi akanizuia nisimfuate.

Sasa mambo ya kazi. Nimejaribu gundi kwenye vijiko vilivyovunjika. Viwili vyenye praima kwenye ncha niliviunga, nikaviacha, nikavivuta, vikaachana kirahisi na gundi ikabaki juu ya ngozi ya rangi. Viwili vyenye ncha tupu vimeshikana, hata Baba hakuweza kuvitenganisha. Gundi hii haibandiki tu, inayeyusha plastiki kidogo ili pande mbili ziwe kitu kimoja, na praima inazuia. Hebu soma yale maneno madogo ya chini kwenye karatasi, nadhani yanasema hivyohivyo! Kwa hiyo ukingo wote wa kuungia usiwe na kitu. Mimi niliupaka wote kwa bidii, nikidhani nafanya vizuri.

Baba aliniona nakwangua kwa kisu. "Toka, utajikata." Akachukua wembe wake wa kufumulia nyuzi, akaukwangua ukingo mzima mwenyewe, taratibu, mpaka bluu ikatokea.

Nawe pua ijaze kwa mastiki ya kuzibia magari, usugue, osha, kisha tumia kopo letu. Bawa lipulize upande wa juu, makunyanzi ya chini tutayaacha. Na ukingo usiupake.

Baba mdogo atakuja? Sikuulizi taratibu tena. Nakuuliza.

Kaze


Buyenzi
24 Mei 1992

Dada Kaze,

Kwa nini nikukasirikie? Kazi ya kusema ilikuwa yangu, wewe umenisaidia.

Maneno madogo yanasema hivyohivyo. Niliyaacha kwa uvivu, ndio ukweli.

Pua imepona. Libère aliijaza mastiki na kuisugua kwa heshima zote, akaniruhusu kupuliza mwenyewe kwa kopo lako. Nilifunga ukingo kwa utepe. Hapo ndipo nilipoelewa ulichosema juu ya kijiko. Nilidhani nimesugua vizuri, kijivu kikaniumbua, mikwaruzo yote ikajitokeza. Nimerudia. Sasa ukipitisha kidole gizani hujui pua iliwahi kuinama. Lakini imekuwa nene kidogo. Kama haikutani sawa na yako, usicheke mbele za watu.

Baba anakula, ananiangalia, anauliza maswali ya ajabu. Juzi: "Upande wao umeshakauka?" Jana: "Ni nani aliyekwangua ukingo wao?" Nikamwambia ni baba mkubwa, kwa wembe wa kufumulia. Akasema, "Bado anao ule wembe?" Kisha akasema siku ya Idd ana kazi gereji. Gereji imefungwa siku ya Idd, Kaze. Anajua kwamba najua.

Mimi nitakuja, hata kama ni peke yangu na Zephaniah. Lakini Bibi alisema mtoto na baba.

Jumaine


Biryogo
21 Juni 1992

Kaka Jumaine,

Natumaini wewe na baba mdogo mlifika nyumbani salama na kwamba askari safari hii hawakumwuliza Zephaniah kitu.

Bado naona haya kwamba mliposhuka kwenye basi nilikimbilia tena nyuma ya pazia. Lakini kama nisingekuwa pale, kuna jambo lisingekuwa na shahidi. Bibi alipokutuma dukani kwa mipira ya kubania, mimi nilikuwa palepale, na wao walisahau.

Tangu asubuhi walikuwa wamesalimiana kama watu wa benki. Bibi akaweka gundi katikati ya mkeka. "Jumaine anachelewa," akasema, "na hii gundi imeshafunguliwa. Inakauka." Nadhani alikuficha duka lilipo, maana lile la karibu lina mipira.

Baba akachukua nusu ya kushoto. Baba mdogo akachukua ya kulia. Wakapaka gundi, wakakutanisha. Ile pua yako nene ilikataa kidogo, kisha ikakubali.

"Shika hapo," Baba akasema.

"Nimeshika."

"Umebana sana."

"Wewe ndiye hujabana, kaka."

"Inatoka pembeni."

"Iache itoke. Usiachie."

"Siachii."

Na hawakuweza kuachia, Jumaine, kwa sababu mipira ilikuwa kwako. Wakakaa wamepiga magoti, vichwa vimekaribiana, vidole vyao vimechanganyikana juu ya kitu kisichofika urefu wa kiatu. Bibi akajifanya anasinzia. Ndipo Baba, bila kuinua macho, akasema:

"Zilikuwa tatu kweli?"

"Tatu. Udongo ulikuwa umelowa, ulinishika mkononi."

Baba akaitikia kwa kichwa. Jasho lilimdondoka, au si jasho. Kisha wewe ukaingia unahema, na mipira mingi kama ya shule nzima, na Bibi akafumbua macho akakuambia umewahi kurudi.

Baba atakuja kwenu Ijumaa hii. Hajasema anakwenda kufanya nini, ila amefua ile kanzu nyeupe. Mpokeeni.

Sasa swali langu, nalo ni gumu. Leo nilitaka kusugua maungio, nipulize praima mara ya mwisho, kisha nyeupe. Nikaikuta ndege imebaki na alama. Gundi iliyotoka pembeni ililainisha plastiki chini ya vidole vyao, ikakauka hivyohivyo. Upande wa kushoto kuna dole gumba la Baba, ninalijua kwa kovu la sindano. Upande wa kulia kuna la baba mdogo, pana, limezama zaidi. Katikati unapita mstari wa kuungia. Kwa ufundi ni kosa, na praima itayaonyesha yote mawili. Msasa unaweza kuyaondoa kabisa.

Nisugue au niache?

Kaze


Buyenzi
28 Juni 1992

Dada Kaze,

Baba mkubwa alifika. Hakuingia ndani kwanza, walikwenda makaburini wao wawili kwa miguu, wakarudi magharibi na udongo kwenye kanzu. Mama alitaka kuifua, akakataa. Atakaa wiki moja zaidi, kwa hiyo cherehani yake ifunikeni. Anamshonea Baba suruali na wanagombana juu ya urefu wake.

Swali lako nimewasomea kwa sauti. Walijibu kwa pamoja, kisha wakaanza kubishana ni nani aliyejibu kwanza.

Usisugue.

Jumaine